Bomba la Phikun

Fungua boneti ya pikapu yoyote ya mbio kati ya Chiang Mai na Lamphun. Ukikuta bomba la alumini linalong'aa kiasi cha kunyolea ndevu mbele yake, chungulia chini ya mkunjo wa kwanza. Jina utakaloliona pale, limegongwa herufi moja moja, ni langu: Singkham. Watu husema najisifu. Kweli najisifu, kwani kuna mtu nimemkopa sifa? Gari hutoka kiwandani likipumua kama mtu mwenye mafua, na kazi yangu tangu ujanani ni kulizibua pua, injini ivute hewa ya kutosha na dizeli iungue inavyopaswa. Vijana wa Klabu ya Moshi wa Kaskazini wamenibeba mabegani mara si haba. Mke wangu Buaphan, anayeuza tambi za mchuzi wa nazi mbele ya gereji yetu hapa Saraphi, huniambia niteremke nikaoshe mikono.

Habari ninayokupa leo ni ya bomba ambalo si langu.

Phikun ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Alikwenda Rayong akaajiriwa na kiwanda kikubwa cha vipuri, kwenye kitengo cha mabomba ya hewa ya magari mapya. Kule kipuri hupita mikono mingi mpaka hakuna ajuaye ni nani aliyekichora. Mwaka ule alirudi msimu wa baridi, akatupa begi lake mlangoni, na kabla hata ya kunawa vumbi la basi akaja kuinama juu ya injini niliyokuwa nikiifungia bomba. Nikasubiri kusifiwa.

"Baba," akasema, "bomba lako linavuta hewa ya jikoni."

"Linavuta nini?"

"Kichujio cha hewa umekiacha wazi humu chini ya boneti, ubavuni mwa injini. Injini inapasha hewa moto, halafu inaivuta hewa hiyohiyo. Asubuhi ya baridi gari litaruka. Mchana wa mwezi wa nne, mbio ya pili tu, limechoka. Si ndivyo wanavyolalamika?"

Ndivyo walivyokuwa wakilalamika. Mimi nilikuwa nikiwajibu kwamba tatizo ni miguu yao.

"We mtoto, mimi nimechomelea mabomba kabla hujaota meno."

"Ndiyo maana nakwambia wewe kwanza, kabla sijawaambia wao."

Huko nje Buaphan alicheka mpaka mteja akageuka na tambi zinaning'inia mdomoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema, na mgema wetu hajaambiwa ukweli siku nyingi.

Jioni ile tulipokaa kula, Phikun alilitoa la moyoni. "Nataka kubaki nyumbani. Ila sitaki kubaki nikushikie koleo, baba. Nitatengeneza kitu changu. Klabu wakikikubali kikaingia barabarani kwa jina langu, nabaki. Wakikikataa, kiwandani wameniwekea nafasi mpaka mvua zianze. Nitarudi Rayong, na safari hiyo sitarudi tena kirahisi."

Mama yake akaweka kijiko chini. Mimi nikasema "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anataka chumvi, nikaendelea kutafuna. Nilimtaka mtoto wangu hapa. Nilitaka kumsikia akibishana nami kila asubuhi mpaka nife, na sikujua namna ya kulisema hilo bila kuonekana nabembeleza.

Basi akaanza. Alinunua udongo kwa wafinyanzi wa kijiji cha Mueang Kung, akaukandika kwenye kona ya injini palepale panapokaa kichujio, akafunga boneti, akafungua, akakwangua kwa kisu palipogusa, akafunga tena. Gereji yangu ikawa na matope kama shamba la mpunga. Umbo lilipokaa sawa akalitoa, akalivika kitambaa cha faiba na gundi yake, tabaka juu ya tabaka, likawa kisanduku chenye kifuniko. Kichujio kiliingia ndani ya kisanduku, mbali na joto. Kutoka pale akashusha mdomo mpana mpaka chini, nyuma ya bampa, panapopita hewa ya barabarani ambayo haijaonja injini.

Tulikipeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu, ile ambayo gari hukimbia juu ya magogo ya chuma bila kwenda popote. Kwa bomba langu, mbio ya kwanza ilikuwa nzuri, ya tatu ikawa aibu. Kwa bomba lake, mbio ya tatu iliipita ya kwanza yangu. Nikasema mkanda umelegea. Nikakaza kila kitu, tukarudia. Mashine haikubadili maneno. Nikatoka nje nikala tambi kimyakimya, lakini kifuani nilikuwa nimevimba kwa furaha, na Buaphan aliniona.

"Inauma?" akaniuliza.

"Inauma vizuri," nikamjibu.

Na usidhani tulikuwa wazembe. Barabara zetu tunazijua. Maji ya mwezi wa tisa yanapofurika tunajua yanafika wapi kwenye gurudumu, na mdomo wa bomba ulikaa juu zaidi ya hapo. Phikun alipima mwenyewe, nikampimia tena nyuma yake.

Mkuu wa klabu ni Thanet, ambaye familia yake inamiliki matanuri ya kukaushia matunda ya longan huko Lamphun. Si mtu mbaya. Ana sauti kubwa, na hupenda isikike, na gari lake hivyohivyo. Alikubali kulifunga bomba la Phikun kwenye pikapu yake. Likimridhisha, magari yote ya klabu yangefungwa kabla msimu wa mbio haujafunguliwa. Aliondoka gereji akikanyaga mafuta, na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikapiga mluzi mtamu mpaka mabibi wa sokoni wakasimama kusikiliza. Hapo ndipo alipoharibikiwa akili.

Maana siku chache baadaye ikawa Songkran, mwaka mpya wetu. Mwenye akili timamu, siku hizo za kumwagiana maji, huliacha gari la mbio nyumbani na kutoa bovu. Hatukuwahi hata kumwambia mtu hivyo, kama usivyomwambia mtu avue viatu kabla ya kulala. Thanet alitaka mji mzima usikie mluzi wake. Akapakia mapipa ya maji ya barafu na binamu zake nyuma, akaenda kuzunguka handaki la maji lililouzingira mji wa kale, ambako watu wanajipanga kando wakichota kwa ndoo na kumwagia chochote kinachopita. Akafika mbele ya bwana mmoja mnene mwenye ndoo kubwa. Bwana yule hakurusha juu kwa binamu. Alirusha chini, kwa nguvu zote, kwenye uso wa gari, na nyuma yake wenzake wakarusha vilevile.

Bomba likanywa. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ilipanda ikakutana na maji, na kwa kuwa maji hayakukubali kupungua, kilichokubali kupinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Injini iligonga mara moja ikazima. Walilivuta lile gari mpaka kwetu huku njia nzima watu wakilimwagia maji na kulichezea ngoma. Thanet alikuwa ameketi ndani, chokaa nyeupe ya sikukuu imepakwa mashavuni, hacheki.

"Mjomba Singkham," akasema aliposhuka, "nakuheshimu. Ila binti yako ameniua."

"Nani alikutuma upeleke gari la mbio kuogeshwa?" nikamfokea. "Una kichwa au una tanuri?"

"Mjomba, bomba gani hilo linaloogopa sikukuu?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na kilichokuwa kinakuja hakikuwa kizuri. Phikun akanishika mkono.

"Ana haki, baba." Uso wake ulikuwa umemshuka. "Sisi ni watu wa hapahapa. Nilipima maji yanayotoka mbinguni, nikasahau yanayotoka kwa majirani."

Thanet alisema bomba lile halitaingia tena kwenye gari la mwanachama wake. Akaondoka kwa miguu, ndala zikimlia maji kila hatua.

Siku ile Phikun hakula. Nilimsikia akivuta zipu ya begi lake chumbani, nikasimama mlangoni kama mlinzi asiye na fimbo. Nikataka kumwambia asiende. Nikamwambia kuna spana yangu haionekani, ameiweka wapi? Akatumbukiza mkono begini.

"Sifungashi, baba. Natafuta sketi ya heshima."

Kwetu, sikukuu ikishapita, wadogo huwaendea wakubwa wao na bakuli la maji yenye asumini na maganda ya mmea wa sompoi yaliyochomwa yanukie, wakawamiminia mikononi, wakaomba radhi kwa ya mwaka uliopita. Mtu akikujia na bakuli lile huwezi kumnyima viganja, hata awe amekuchomea nyumba. Phikun akaenda kwa Thanet kwenye matanuri, mbele ya wafanyakazi wake wote, akapiga magoti. Mimi nilikwenda naye. Buaphan alinitoza ahadi ya kutofungua mdomo, nami nikaitimiza kwa shida.

"Nisamehe, kaka Thanet," akasema akimimina. "Kosa ni langu. Injini yako nitaifungua mimi na nitaifunga mimi. Halafu naomba jambo moja. Nitatengeneza bomba jingine, na wewe mwenyewe utakuja kulimwagia maji."

Thanet alitazama viganja vyake vilivyolowa. Watu wake walikuwa wanamtazama yeye. "Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema. "Kuja nitakuja. Ila injini yangu haitakuwa ya majaribio tena. Tafuta gari jingine la kuua."

Injini tuliirudisha hai, mimi na Phikun, kila mmoja upande wake. Konrodi iliyopinda aliiweka mezani pake, mbele kabisa, karibu na kikombe cha chai. Nikamwambia aitupe, inaleta mkosi. Akasema inaleta adabu.

Halafu akarudi kwenye udongo. Mdomo akaupandisha juu, kando ya taa, ukitazama ubavuni badala ya mbele. Ndani ya kisanduku akajenga ukuta unaoilazimisha hewa ikunje kona kabla ya kufika kwenye kichujio. Hewa ni nyepesi, hukunja kona. Maji ni mazito, huenda moja kwa moja, yakagonga ukuta na kuanguka. Chini akatoboa tundu lenye ulimi wa mpira unaoruhusu maji kutoka. Ila atajuaje, kifuniko kikiwa kimefungwa, maji yamefika wapi? Hapo ndipo nilipojua huyu hakuzaliwa bure. Alichukua chokaa iliyobaki ya sikukuu, ileile ya kupakana mashavuni, akaisaga ikawa unga, akaipaka kavu kuta zote za ndani. Alifunga, akamwagia maji, akafungua. Palipolowa pamegeuka tope, pakavu pamebaki peupe. Mara ya kwanza tope lilifika mpaka kwenye kichujio. Akakwangua ukuta, akauinua kidogo, akarudia. Alirudia hivyo mpaka mikono ikamchunika, na kila mara mstari wa tope ulirudi nyuma kidogo. Nguvu zilipungua kiasi kulinganisha na lile bomba la chini, hakuficha, lakini langu bado lilikuwa linaachwa mbali.

Likabaki gari. Wanachama wote wa klabu ghafla walikuwa na shughuli. Huyu amesafiri, yule betri imekufa, wa tatu ana msiba wa mtu ambaye nilimwona sokoni. Phikun akasema ataazima pikapu ya kubebea vitunguu. Hiyo haina tabo wala pumzi, isingethibitisha kitu.

Mimi nina pikapu moja nyekundu. Ndiyo iliyonipa jina. Naifuta kila asubuhi, na Buaphan hudai kwamba nyumba ikiungua nitaokoa hiyo kwanza, kisha nitamrudia yeye kama moshi hautakuwa mwingi. Nilimtupia Phikun funguo.

"Funga kwenye langu."

"Baba, likinywa maji..."

"Nimesema funga! Na nitaendesha mimi."

Ilikuwa Jumapili, jua kali, mvua bado. Klabu ilikuja nzima, maana hakuna aliyekuwa na shughuli tena. Mtaa wetu nao ukajitokeza pande zote mbili za njia na ndoo, mabakuli, mapipa. Watu wa Saraphi waombe kuchangia barabara, hutawaona. Waambie kuna mtu wa kumwagiwa maji, hata wagonjwa huamka. Thanet alikuja na pampu ya kunyunyizia miti ya longan, na mpira mnene kuliko mkono wangu.

"Hiyo ni ndoo?" nikamuuliza kupitia dirishani.

"Mjomba, ndoo yangu imetoboka," akajibu, na kundi likacheka.

Phikun alisimama mbele ya wote, nywele amezifunga. "Msimwonee huruma mtu!" akawaambia. "Rusheni usoni mwa gari, rusheni karibu na taa. Mama, na wewe usirushe kama unamwagilia maua."

"Mimi?" Buaphan akasema, akipandisha mikono ya blauzi. "Hii siku nimeingoja tangu nimeolewa."

Nikakanyaga. Tabo ikapiga mluzi, nami nikaingia katikati yao. Ndoo ya kwanza ilipiga kioo nisione kitu. Ya pili, ya tatu, sikuhesabu tena. Niliendesha kwa masikio. Nilisubiri ule mgongano mmoja wa chuma kwa chuma, na moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko injini. Mwisho wa njia nikageuza, nikarudi. Buaphan alinirushia sufuria nzima kwa nguvu ambazo sikujua anazo, nikaogopa kidogo kwa maisha yangu ya baadaye. Mwishoni Thanet akasogea karibu kabisa na taa, akafungulia pampu, akaielekeza kwenye mdomo wa bomba na kuishikilia hapo, amekunja uso. Phikun hakumzuia. Alinipungia mkono niongeze mafuta, nikaongeza. Injini ilinguruma bila kukohoa. Chini ya kisanduku ule ulimi wa mpira ulitapika maji kama mtoto aliyelazimishwa uji, na injini ikaendelea kunguruma mpaka pampu ya Thanet ikaishiwa.

Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia hata kwenye mbio. Phikun alifungua boneti, akafungua kifuniko. Upande huu wa ukuta kulikuwa na tope tupu. Upande wa kichujio chokaa ilikuwa nyeupe, kavu, unga unaopeperuka ukipuliza. Thanet alipitisha kidole, akakitazama kidole, akaita wenzake nao wakapitisha vidole.

"Tunayataka mabomba haya," akasema hatimaye. "Kwa magari yote ya klabu." Watu wakapiga makofi. Akanigeukia mimi, nikiwa bado nimekaa nyuma ya usukani. "Ila kuna kitu kidogo, mjomba. Yagongwe Singkham. Jina hilo kila mtu analijua kaskazini nzima. Wakiona jina la msichana wataanza maswali, na klabu za mbali hazitanunua. Binti si wa kwako? Ni kitu kilekile."

Phikun alikuwa anafuta kifuniko kwa kitambaa. Hakunyanyua kichwa. Aliendelea kufuta palepale palipokwisha takata, na mama yake akaacha kukamua blauzi.

Nakwambia ukweli, ilinijaribu. Jina langu kwenye bomba kama lile! Ningekufa likabaki, na wajukuu wa watu wangekuja kuligusa.

"Kijana," nikasema, "jina langu huwa nagonga kwenye kitu ninachoweza kukitengeneza. Hicho siwezi."

"Umesemaje?" Buaphan akauliza. "Rudia, maji yameniingia sikioni."

"Siwezi!" nikapiga kelele, mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Maisha yangu yote nimekaa gereji hii, na siwezi kutengeneza bomba kama hilo. Hata wazo lake lisingenijia. Mnasikia nyote, au nishuke niwaandikie? Huyu ndiye fundi. Mimi ni baba yake. Ligongwe Phikun, na klabu isiyolitaka jina hilo isilitake na bomba."

Thanet alinitazama, akamtazama yeye, akajikuna shingo. "Haya," akasema. "Herufi ni zilezile za chuma, zote hugongwa kwa nyundo. La kwanza nifungie mimi, dada Phikun."

Dada, alisema, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, mbele ya klabu nzima, yeye aliyemzidi umri.

Phikun aliweka kitambaa chini. Akachukua simu yake, akasogea kando penye kivuli cha miti mirefu ya yang, nikamsikia akiwaambia watu wa Rayong kwamba nafasi ile wampe mtu mwingine. Nikalia, palepale kwenye kiti kilicholowa, mikono juu ya usukani, na sikujificha.